Baiskeli ya Shemeji

Mliokuwa nasi wiki iliyopita mnajua tulipomwacha Xaveria: katikati ya kilima cha Singe, madumu ya maziwa yamefungwa nyuma ya baiskeli yake ya umeme, mota imekata ghafla, na nyuma yake pikipiki nyekundu inapunguza mwendo. Wapo walionitumia ujumbe wa kunisema kwamba nakatisha hadithi pale panaponoga. Haya, tusigombane. Pikipiki ile ilimpita, na dereva hata hakugeuza shingo, maana alikuwa akiwahi kulekule alikokuwa akienda Xaveria.

Baiskeli ya umeme ikiwa na mota inakwenda yenyewe. Mota ikikata, unasukuma betri, unasukuma chuma, unasukuma na maziwa. Xaveria alisukuma mpaka viatu vikajaa vumbi na kitenge kikamganda mgongoni, na alipofika nyumbani kwa Mzee Marseli akamkuta mke wake anafagia uwanja. Mzee amesafiri, akaambiwa. Amekwenda Mbulu. Kuna mtu amemfuata na pikipiki sasa hivi tu, hata chai hakumaliza.

Atarudi lini? Mama wa watu hakujua. Akaendelea kufagia, macho chini.

Kwa wageni wa ukurasa huu niseme kwa ufupi, kisha tukimbie. Xaveria ni mjane wa Leonard, muuza maziwa wa Babati mjini, mama wa mtoto mmoja anayeitwa Felix. Kesho asubuhi wazee wa baraza la kata watafika kwenye shamba lake la Singe kuamua kama ni lake ama ni la ukoo. Ludovick, kaka mkubwa wa marehemu, anasema ni la baba yao na lirudi. Xaveria anasema Leonard alilinunua kwa jasho lake. Likienda, linakwenda na nyumba, banda na malisho ya ng'ombe wake.

Karatasi hakuna. Waliuziana kwa mdomo, na kila shahidi akachomeka mche wake wa mnyaa, ule mti wa kuwekea mipaka, kwa mkono wake mwenyewe. Likitokea la kutokea, shahidi anakuja, anasimama mbele ya mnyaa wake, anasema huu niliuchomeka mimi, na ubishi unaishia hapo.

Mashahidi walikuwa watatu. Wa kwanza Xaveria alimtembelea akiwa mzima wa akili, na kesho yake mzee huyo akasema kumbukumbu zimemtoka. Wa pili ndiye huyo anayepelekwa Mbulu na chai yake haijaisha. Na safari zote mbili Xaveria hakumwambia mtu, hata mwanawe. Alikuwa akijiuliza njia nzima ni nani anayewahi mbele yake, na kila alivyojiuliza ndivyo alivyozidi kuchemka.

Akaisukuma baiskeli mpaka kwa Shaaban, fundi wa baiskeli na pikipiki jirani na stendi. Akamwambia kwa hasira kwamba mota imekufa, na kama ni kununua nyingine basi bora amwambie mapema akalie moja kwa moja.

Shaaban aliizungusha pedali, akaigonga betri, akasikiliza. Kisha akaomba simu ya Xaveria, akafungua ile aplikesheni ya baiskeli, ile ambayo bila kuibonyeza kufuli halifunguki. Akaitazama muda mrefu kuliko alivyopenda Xaveria.

"Mama Felix, baiskeli haina ugonjwa," alisema. "Kuna mtu ameipunguza."

Ameipunguza vipi? Shaaban akamweleza taratibu, kama mtu anayejua kwamba habari yake si nzuri. Mota ya baiskeli hii ina ngazi za msaada. Ukiiweka juu inakusukuma mlimani mpaka unaona aibu. Ukiiweka sifuri, imekaa tu kama mzigo. Asubuhi ile kuna mtu ameiweka sifuri, na hakuiweka kutoka kwenye simu ya Xaveria. Simu ya Xaveria haina ruhusa hiyo. Humu ndani yeye ameandikwa mwendeshaji tu. Mmiliki ni mtu mwingine.

Xaveria hakuuliza mmiliki ni nani.

Baiskeli ile alipewa siku ya kumaliza matanga ya Leonard. Ukoo mzima umekaa, padri ameshaondoka, watu wanakula, Ludovick akasimama na kusema hawezi kumwona mke wa mdogo wake akibeba madumu kichwani. Ikaletwa baiskeli mpya imefungwa utepe. Vigelegele vikapigwa, shangazi mmoja akalia. Ludovick akafungua aplikesheni kwenye simu yake mwenyewe, kisha akamwomba shemeji yake simu, na kila kilipotokea kitufe cha Kubali akakibonyeza yeye, huku akitabasamu na watu. Ruhusu mahali ulipo. Kubali. Ruhusu kushirikisha safari. Kubali.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungemnyang'anya simu mbele ya ukoo, ukae usome masharti ya zawadi huku mtoaji amesimama? Kwetu mtu akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili na kupiga magoti kidogo. Xaveria alipokea, akapiga magoti kidogo. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumwambia Ludovick aikabidhi na ile nusu nyingine ya zawadi iliyobaki kwenye simu yake, na Xaveria mwenyewe hakujua kwamba ipo.

Alimuuliza Shaaban jambo moja tu: huyo mmiliki anaona nini? Shaaban akakuna kichwa. Akasema kila anapokwenda panaonekana kwenye ramani, na kila anaposimama, na amesimama kwa muda gani.

Basi mwenzangu ndiyo hivyo. Mashahidi wote wawili Xaveria alikuwa amempelekea Ludovick yeye mwenyewe, kwa kukanyaga pedali.

Xaveria akasema iondolewe hiyo aplikesheni sasa hivi. Shaaban akasema akiiondoa, kufuli halitafunguka tena, na maziwa ya kesho atayapeleka kwa mgongo. Xaveria akasema basi abadilishwe yeye awe mmiliki. Shaaban akasema hilo linawezekana, wapigie huduma kwa wateja.

Wakapiga. Muziki ukapigwa, ukakatika, ukaanza upya. Sauti ikamwambia simu yake ni ya muhimu sana kwao, kisha ikamwacha asubiri hapo na umuhimu wake. Alipopokelewa, dada wa huko alikuwa na adabu iliyopitiliza. Akasema hakuna tatizo kabisa, mama. Tutatuma namba ya siri, utusomee, tukubadilishie sasa hivi.

Xaveria akaikodolea macho simu yake. Hakuna kitu kilichoingia. Akasema haijaja. Dada akasema imeshatumwa, mama. Imetumwa kwenye simu ya mmiliki.

"Lakini mmiliki ndiye ninayemkimbia," Xaveria alisema.

Dada akasema anamwelewa kabisa. Akamshauri azungumze na mmiliki kwa upole, kisha akamuuliza kama kuna kingine anachoweza kumsaidia. Xaveria alikata simu kabla mdomo wake haujasema kitu cha kumfanya akaungame Jumamosi. Hasira ilimkaba hadi macho yakalowa, na hakuna kinachomuudhi kama kulia mbele ya mafundi.

Hakuwahi hata kuirudisha simu mfukoni. Ikaita. Ludovick.

"Shemeji, habari za mchana," sauti ilikuwa ya upole, na nyuma yake kulisikika watu wakipakia magunia. Ludovick ananunua mahindi na ana malori. "Nimeona namba ya siri imeingia kwangu. Unahangaika na nini? Si ungeniambia mimi nduguyo?"

Xaveria akasema mota ilikata mlimani, ndiyo maana. Ludovick akasema pole sana, lazima ni hitilafu ya mtandao. Akasema ngoja nikuongezee. Na pale pale, mbele ya Shaaban, mota ya baiskeli iliyokuwa imeegemezwa ukutani ikanguruma kidogo na taa yake ikawaka kijani.

"Umeona? Sasa kapumzike nyumbani, kesho tuna siku ndefu," Ludovick alisema, akakata.

Shaaban aliitazama baiskeli kama inaweza kumng'ata. Hakutaka hata kulipwa.

Sasa hapa wengine wangeenda nyumbani kulala na kumwachia Mungu. Xaveria akaenda sokoni kumtafuta Edda.

Edda anauza mtindi kwenye kibanda jirani na genge la nyanya, na ni mtu ambaye ukimpa siri ya kuifanya anaitunza, ukimpa siri ya kuisikiliza tu anaimwaga. Kwa hiyo Xaveria akampa ya kuifanya. Akamweleza kwamba Ludovick anafuatilia kila gurudumu linapopita, na kwamba amebaki na shahidi mmoja ambaye Ludovick hamjui. Watu wote wanahesabu wanaume wawili waliochomeka minyaa, basi. Lakini Leonard, Mungu amrehemu, alimwambia mkewe kwamba upande wa muuzaji alisimama mwanamke. Muuzaji alikuwa hoi kitandani, akamtuma mkewe, Jovita. Mume alishakufa na Jovita alihamia Sigino. Ukoo wa Ludovick hata hawamkumbuki.

Mpango ulikuwa rahisi. Edda aichukue baiskeli aende nayo Bonga, ashike barabara ya Dodoma kwa mbwembwe, asimame kwenye nyumba za wazee, apige soga, anywe maji, aage, asimame tena. Ludovick na pikipiki yake nyekundu wakeshe huko. Xaveria ashike njia ya Sigino kwa miguu yake.

Edda akauliza kama baiskeli inaweza kumwangusha kwa amri ya mtu aliyeko mbali. Xaveria akasema hajui. Edda akasema basi sawa, akafunga kibanda, akakunja sketi. Xaveria akafungua kufuli kwa simu yake, na Edda akaondoka akipiga kengele kama anaongoza msafara wa harusi.

Xaveria alipanda bodaboda kipande cha mwanzo, kisha akashuka akakata kwa njia ya miguu katikati ya mahindi. Yalikuwa yamemzidi kimo, na majani yake yanakwaruza mikono. Kwa mara ya kwanza tangu jana alijisikia mwepesi. Alicheka hata peke yake, akimfikiria shemeji yake anavyohangaika na ramani ya Bonga.

Jovita alimpokea vizuri. Ni mama mtu mzima, mrefu, anatembea kwa fimbo lakini haiegemei. Alisikiliza yote bila kumkatiza, akachochea moto, akamwekea chai ya maziwa. Alipomaliza kusikiliza akasema anaukumbuka mpaka ule vizuri, na anamkumbuka Leonard alivyohesabu pesa mara mbili kwa hofu ya kukosea. Akasema kesho atakuja, na atasema alichokiona.

Xaveria akashika kikombe kwa mikono miwili. Akanywa chai tu.

Ndipo wakasikia pikipiki.

Haikupita. Ilikata kona, ikaingia uwanjani, ikazimwa. Mlango ulikuwa wazi. Ludovick akainama kuingia, kofia mkononi, suruali imepigwa pasi.

"Hodi hapa. Shikamoo mama."

"Marahaba," Jovita alijibu. "Karibu."

Ludovick akakaa bila haraka, akamgeukia Xaveria kwa uso wa huruma. Akampa pole kwa kutembea. Akasema njia ile ya mahindini ni mbaya kwa mwanamke peke yake, hasa pale kwenye korongo aliposimama kupumzika.

Xaveria alikuwa akijaribu kuelewa. Baiskeli iko Bonga. Aliiona kwa macho yake ikiondoka.

"Baiskeli haina macho, shemeji," Ludovick alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemsaidia mtoto hesabu. "Kinachoniambia ni simu. Baiskeli umempa Edda, simu umeibeba wewe. Mimi nilijua mashahidi ni wawili, na hao nilishamalizana nao. Wa tatu umenionyesha mwenyewe. Asante."

Hapo ndugu zangu hata mimi ninayesimulia nilitaka kuvunja kitu. Xaveria aliishika simu mfukoni mwa gauni, ina joto la mwili wake, na akatamani ardhi ifunguke immeze yeye na simu yake. Kumbe siku zote hakuna aliyemfuata nyuma. Ni yeye aliyekuwa akimwongoza.

Ludovick alimgeukia Jovita. Akampa salamu za Elibariki. Elibariki ni mtoto wa pekee wa Jovita, na ni dereva wa lori la Ludovick. Hilo Xaveria alilijua hapo hapo, kwa jinsi mkono wa mama yule ulivyosimama juu ya birika. Ludovick akasema kijana ni mchapakazi, anampenda kama mdogo wake. Juzi tu amempa lori jipya. Ajira siku hizi ni ngumu, mama, na angependa sana kijana aendelee na yeye.

Akapokea kikombe, akashukuru.

Jovita akasimama, akachukua fimbo yake.

"Mama Felix, giza litakukuta njiani," alisema. "Kesho mimi sitaweza kuja. Miguu yangu hainiruhusu. Twende nikusindikize."

Xaveria alisimama. Hakuwa na nguvu hata ya kumchukia. Aliaga kwa adabu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na Ludovick akaaga kwa adabu zaidi. Alijua kama kila mtu ajuavyo kwamba mgeni anasindikizwa na mwenye nyumba, na mgeni mwingine aliyekwisha pewa chai anabaki kwenye kiti anamsubiri. Akabaki. Ameshinda, ya nini kuharakisha?

Walitembea mpaka nyumba ikafichwa na mahindi. Hapo Jovita akasimama na kumshika Xaveria mkono, akamgeuza wakatazamana. Xaveria akaanza kusema kwamba anaelewa, mtoto ni mtoto, asijisumbue kujieleza.

"Nyamaza nikwambie," Jovita alisema. "Mimi ningekuja kesho nisingekusaidia. Siku ile mkono wangu ulikuwa umevunjika, umefungwa shingoni. Nilisimama nikatazama. Mnyaa wetu sikuuchomeka mimi."

Xaveria akahisi njia inazunguka. Kwa hiyo hata huyu hakuwa shahidi. Minyaa mitatu, na mkono wa tatu hajawahi kuujua.

Jovita akasema alikuwa akikaa na msichana, mtoto wa dada yake, aliyekuja Singe kwao kusoma. Yule msichana ndiye aliyechimba shimo na kuchomeka mche kwa mkono wake, na wazee wote wakaona na kukubali. Alikuwa mtoto, hakuna aliyemtaja tena. Lakini si mtoto sasa. Yuko hapahapa Babati.

"Anaitwa Christina," Jovita alisema.

Xaveria akasema anamjua Christina mmoja tu. Mama Irine.

"Huyo huyo. Nilikosana na mama yake kabla hajaolewa, mumewe hata hajui kama sisi ni ndugu."

Xaveria akatazama nyuma, kule ambako mume wa Mama Irine alikuwa amekaa peke yake sebuleni akinywa chai. Alitaka kuuliza kama Ludovick anajua, akaona swali halina maana. Angejua, Christina naye angekuwa Mbulu.

Jovita akanyoosha kiganja. Akasema aende sasa hivi, yeye atamweka mgeni wake kwa maneno na kikombe cha pili mpaka mishumaa iwashwe. Na hiyo simu aiache kwake, ili shemeji yake aendelee kumwona Sigino.

Xaveria akaitoa, akampa. Jovita akaifunga kwenye pindo la kitenge chake na kurudi nyumbani kwa fimbo yake, taratibu, kama mtu aliyekwisha msindikiza mgeni.

Mjane wa Leonard akabaki njiani, mikono mitupu. Nyumba ya Ludovick aliijua. Alishapika humo kwenye ubatizo na kwenye msiba. Alichokuwa hakijui ni namna ya kumkalisha chini mke wa shemeji yake, mama wa watoto, na kumwomba kesho asubuhi asimame mbele ya watu wote, anyooshe mkono kwenye mnyaa, na kumwambia mumewe wa ndoa kwamba ni mwongo.